Muhogo Sokoni Nizwa

Ijumaa, jua halijafika mnara wa ngome,
mbuzi wamekwisha anza kuzungushwa.
Wauzaji wanawavuta upesi,
wanazitaja bei kama watu wanaogombana:
themanini! themanini na tano!
Wanunuzi wamechutama duara, bakora magotini.
Mmoja ananyosha mkono, anafunua mdomo wa beberu,
anahesabu meno,
anamwacha aende.

Bi Zuwena hanunui mbuzi.
Huja kila wiki kutazama, kisha kulaumu.
"Huyu kakonda. Yule kapakwa mafuta ang'are.
Enzi za marehemu, mbuzi alikuwa mbuzi."
Mimi namshikia mkoba na mwavuli,
namjibu "Ndiyo, bibi" kwa Kiswahili cha Muheza,
naye hunisahihisha kwa Kiswahili cha Wete,
alichokifunga pembeni mwa kanga akiwa na miaka tisa
na hadi leo hajakifungua chote.

Soko la tende lina ubaridi wa kuta nene.
Khalasi, fardhi, khunaizi.
Tunaonja, kokwa tunazitemea kiganjani.
Kahawa inakuja kwenye kikombe kisicho na mkono,
Bi Zuwena anakitikisa: maana yake, basi.
Alama hiyo nilichelewa kuijua.
Mwezi wangu wa kwanza hapa nilikunywa vikombe kumi na kimoja
kwa adabu tu,
na usingizi nikauona Jumapili.

Tukapita halua inayokorogwa
kwa mwiko mrefu kuliko mkorogaji,
tukapita papa mkavu, ndimu kavu nyeusi
zinazogongana guniani kama kete za bao,
hadi nyuma ya mizani ya samaki, palipo na maji sakafuni.
Hapo Rafikul wa Silheti ametandika gunia.
Juu ya gunia, mihogo.
Mihogo minane, isiyolingana kimo,
udongo bado umeing'ang'ania.

"Mama! Muhogo! Tamu, tamu!"
Afrika hajaiona hata kwenye tiketi.
Kiswahili chake ni maneno sita,
kafundishwa na vikongwe wa Ijumaa,
na la sita ni tusi la Kipemba
analolitumia akidhani ni shukrani.

Bi Zuwena, anayeletewa kiti kila aendako,
akachutama.
Akakwaruza ganda kwa ukucha wa hina,
akanusa.
"Huu wa wapi?"
"Wa ghalani, mama."
"Kabla ya ghala?"
Rafikul akatazama juu, kwenye feni, kama limeandikwa huko.
"Udongo wa kijivu," bibi akaniambia mimi, si yeye.
"Wetu ulikuwa mwekundu. Ukiingia kwenye nguo, hautoki."
Kisha akateta bei robo saa nzima,
akapunguziwa baisa mia mbili,
akainunua yote minane.

Rafikul akapokea noti,
akaweka mkono kifuani,
akainama kwa heshima zote za kwao,
akalitamka neno la sita.

Muuza dagaa wa jirani akageuka.
Mimi nikauma mdomo.
Bi Zuwena akacheka hadi shela likamwangukia mabegani,
hadi akashika ukuta.
"Bibi, nani kamfundisha maskini huyu?"
Akajitengeneza shela.
Ghafla akawa na hamu kubwa ya kuwatazama mbuzi.

Garini aliikataa buti.
Akaipakata mihogo kama mtoto aliyelala,
udongo ukimdondokea kwenye baibui jeusi.
Nikanyosha mkono nimpanguse.
"Wacha," akasema.

Tukapita mitende, tukapita mfereji wa falaji
na wavulana walioloweka miguu.
Kimya kilikuwa kirefu.
"Nazi ipo nyumbani?"
"Ipo, bibi. Ya kopo."

Akageukia dirisha,
na polepole, kwa lafudhi safi ya Wete,
akalisema lile neno la sita.